Mdogo wangu amenyamaza ndani ya arubaini: je, ni kama yule mwanamke wa hadithini?

"Assalaamu alaykum, Daktari. Mdogo wangu kajifungua mtoto wake wa kwanza, sasa yuko wiki ya tano. Yuko kwetu Wete, Pemba, chini ya mama, anamalizia arubaini. Mumewe anafanya kazi Unguja, huja siku mbili akaondoka. Tangu wiki ya pili hasemi ila aulizwe. Mtoto akilala, yeye yumo macho. Akinyonyesha hamtazami. Anapenda kuandika hadithi fupi, ana daftari lake tangu yuko skuli. Mama kalifungia kabatini pamoja na simu yake, anasema mzazi akishughulisha kichwa atapata maradhi. Shangazi anasema ni shetani. Kaletwa mwalimu, kasomewa, kanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, akapata nafuu siku mbili kisha akarudi vilevile. Mimi chuoni tulisoma hadithi ya Kimarekani, mwanamke kazaa, mumewe daktari akamweka chumbani apumzike na kumkataza kuandika, mpaka akawa anaona mwanamke nyuma ya karatasi ya ukutani, akapata wazimu. Sasa silali. Je, na sisi tunamtia mdogo wangu wazimu kwa kumweka ndani? Nimrudishie daftari? Nimpe asome hadithi ile ajue hayuko peke yake? Na mama akiniambia vitabu vimenipoteza, nimjibu nini?"

Wa alaykum salaam, mwanangu, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako. Nianze na lisilongoja. Kwa ulivyoeleza, yaelekea mdogo wako anaumwa. Maradhi yenyewe yanajulikana, tiba yake ipo, na anatakiwa aonwe na mtu wa afya wiki hii hii, asingojee kutoka arubaini. Sijamwona, na maradhi hayapimwi kwa barua. Lakini mzazi ambaye kwa wiki tatu hasemi, halali hata mtoto akilala, na hamtazami mwanawe, si wa kuambiwa "atazoea".

Sasa tuje kwenye hofu yako. Unaogopa kwamba nyumba yenu imegeuka ile nyumba ya hadithini na mama kashika nafasi ya yule mume. Hofu hiyo ina kweli ndani yake, ila mambo mengine yamechanganyika, na ukimwendea mama nayo hivyo hivyo hatokusikiliza.

Hadithi uliyoisoma ni "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, ilichapwa Marekani Januari 1892. Nawakumbusha wasomaji wengine kwa ufupi. Mwanamke aliyezaa karibuni ana huzuni na uchovu usiomwisha. Mumewe, John, ni daktari. Kaka yake mwanamke naye daktari. Wote wawili wamekwisha kusema hana maradhi ya maana. Anawekwa chumba cha juu chenye madirisha ya nondo na kitanda kilichopigiliwa sakafuni. Anakatazwa kuandika, basi anaandika kwa kificho, na akihisi wifi yake anakuja anaficha karatasi. Mtoto analelewa na mtu mwingine. Anaomba ahamishwe chumba, anakataliwa. Anaomba kwenda kwa jamaa zake, anakataliwa. Kilichobaki cha kutazama ni karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, na siku zinavyokwenda anaona ndani ya michoro yake mwanamke anayeitikisa akitaka kutoka. Mwisho anaibandua na kutambaa chumbani, anajiona yeye ndiye yule mwanamke.

Sehemu kubwa ya hayo Gilman aliyapitia. Alimzaa binti yake mwaka 1885, akaingia huzuni nzito. Mwaka 1887 akaenda Philadelphia kwa Silas Weir Mitchell, daktari aliyekuwa na jina kubwa kwa tiba yake ya mapumziko. Mgonjwa wa tiba hiyo alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa, akalishwa sana, hasa maziwa, akakandwa mwili, akatengwa na watu wake, na kukatazwa kusoma na kuandika. Baada ya kama mwezi mmoja alimrudisha nyumbani na maagizo: aishi maisha ya ndani ya nyumba kadiri iwezekanavyo, shughuli za akili zisizidi saa 2 kwa siku, na kalamu, brashi wala penseli asiiguse tena maishani. Gilman aliyafuata kwa miezi, na kwa maelezo yake mwenyewe akakaribia kabisa kupoteza akili. Alianza kupata nguvu alipoyaacha na kurudi kwenye kazi yake.

Lakini shika na hili. Mwaka 1913 alieleza kwa nini aliandika hadithi ile, na akasema wazi kwamba yeye hakuwahi kuona maruweruwe yoyote ukutani. Hayo aliyatia ili wazo lake lifike mwisho. Kwa hiyo usiisome kama cheti cha daktari. Chumba peke yake hakimtii mtu wazimu wa kuona watu ukutani. Na ule wazimu wa uzazi tunaouogopa sisi, saikosisi, kwa kawaida hauji polepole kwa miezi mitatu kama wa hadithini. Huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo baada ya kuzaa. Unachokieleza wewe kina sura nyingine, nitaifikia.

Kuna jambo huwa nawaambia wauguzi vijana kuhusu Mitchell. Daktari huyo huyo alipoendewa na mwanamume, Owen Wister, naye akiwa amechoka akili, alimshauri aende Wyoming. Wister akaenda mwaka 1885, akapanda farasi, akawinda, akaandika shajara ya aliyoyaona. Mwanamume alitolewa nje na kalamu yake mkononi. Mwanamke alifungiwa ndani na kalamu akanyang'anywa. Mtu akiniuliza hadithi ya Gilman inazungumza nini, namwambia ni hiyo tofauti.

Sasa weka arubaini yetu pembeni ya tiba ile, na hapa nakuomba umtendee mama haki. Ukitazama juu juu zinafanana: mzazi analala, anakandwa kwa maji moto, anapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, hatoki. Zinapoachana ni kwenye watu. Mitchell alimtenga mgonjwa na jamaa zake kwa makusudi. Arubaini inawaleta jamaa. Bibi yupo, mkunga anaingia na kutoka, shangazi anamwosha mtoto, jirani kakaa kwenye mkeka anachambua mchele na kusimulia ya mtaani. Usiku mtoto akilia kuna mikono mingine. Arubaini ya namna hiyo ni kinga, na mimi kama mtaalamu wa afya ya akili nailinda. Wanawake wa nchi nyingi wangeitamani.

Tatizo ni kwamba kwenye nyumba nyingi siku hizi jina la arubaini limebaki, watu wameondoka. Bibi amefariki, mashangazi wako Dar es Salaam na Maskati, mume yuko ng'ambo ya bahari, mama ana biashara yake. Msimu wa karafuu ndio kabisa, nyumba nzima iko shamba au imeinamia majamvi, na mzazi yuko chumbani na kichanga, dirisha limebanwa upepo usiingie, simu kachukuliwa. Hapo tumeibakisha ile nusu ya kufungiwa na kuipoteza ile nusu ya kuzungukwa. Basi swali lako la kwanza nalijibu hivi: kumweka ndani hakukumtia maradhi, ila kumweka ndani bila mtu wa kuzungumza naye kunayalea.

Na kuna upweke wa kuwa katikati ya watu, ambao hadithi ile inauonesha kuliko kitabu chochote cha tiba nilichosomea. Watu wengi wanamsoma John kama mtu mbaya. Msome tena. John anampenda mkewe. Anambeba mpaka kitandani, anamsomea, anamwita kwa majina ya mapenzi. Kosa lake ni moja tu: keshajua mkewe ana nini kabla mkewe hajafungua mdomo. Kila anachosema mwanamke kinarudishwa kwake kwa upole kama ushahidi kwamba amechoka na apumzike zaidi. Mtu anayekufanyia ukatili unaweza kumshitaki kwa wazee. Anayekunyamazisha kwa mapenzi utamshitaki kwa nani, nao wote wanaona jinsi anavyokuhangaikia? Mama yako anampenda mdogo wako, sina shaka. Kwa hiyo ukienda kumpambanisha kama adui, utakuwa umelikosea jambo lenyewe.

Nikupe mfano mmoja, nimeugeuza kidogo mwenyewe asijulikane. Aliletwa mzazi wa wiki ya saba, kaja na mavyaa yake na mumewe. Namuuliza, "Unalala?" Mavyaa anajibu, "Analala vizuri." "Unakula?" Mume: "Anakula, ila kidogo." "Unajisikiaje?" Wakatazamana, mavyaa akasema, "Ana uvivu tu wa uzazi." Nikamwomba mume akashughulikie kadi, mavyaa akampeleka mtoto kupimwa uzito. Mlango ulipofungwa nikauliza maswali yale yale upya. Alikaa kimya muda, anakikunjua na kukikunja kipindo cha kanga. Kisha akasema, "Nazihesabu boriti. Ziko kumi na tisa. Nikimaliza naanza tena mpaka adhana ya alfajiri." Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza." Nyumba ile ilikuwa na watu wanane.

Haya ndiyo maradhi yanavyofanya kazi, na ndiyo sababu ukimya si jambo dogo. Sonona, yaani huzuni nzito iliyokuwa maradhi, humwambia mgonjwa kwamba yeye ni mama mbaya, mzigo, hastahili mtoto aliyepewa. Kwa kuwa anaamini hivyo, anaona haya kusema. Akiulizwa mbele za watu anasema "sijambo", na watu wanaridhika. Fikra ile inabaki ndani, haikutani na mtu wa kuipinga, kesho inaonekana kweli zaidi kuliko jana. Ukiongeza usiku bila usingizi, ubongo unakosa hata nguvu ya kujibishana nayo.

Sasa nieleze tunachokijua kuhusu maradhi haya, maana nadhani mama akielewa sababu za mwili, nusu ya ubishi itakwisha. Kondo la nyuma likishatoka, homoni mbili zilizokuwa juu miezi yote ya mimba, estrojeni na projesteroni, zinashuka ghafla ndani ya siku chache. Zaidi ya nusu ya wazazi hulia ovyo, hukasirika na kuogopa kuanzia kama siku ya tatu. Hayo huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 2, na dawa yake ni usingizi na maneno mazuri. Yakivuka wiki 2, jina limebadilika, sasa ni sonona ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata karibu wazazi 13 katika kila 100 duniani, na katika nchi kama zetu hukaribia 20 kwa 100. Kwa hiyo mdogo wako si mkosi wa familia yenu. Katika kila wazazi watano waliolala wodi moja naye, kuna mmoja anayeweza kuwa anapitia haya haya, na kwao nako wamefunga mlango.

Saikosisi ni nyingine, huwapata mzazi 1 au 2 katika 1,000. Huyo anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au amebadilishwa, hasinzii siku mbili tatu na wala hachoki, anasema maneno yasiyoungana. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kama vile mzazi anayevuja damu.

Kuna kitu wazazi wenye sonona hukificha kuliko vyote, na huenda mdogo wako anacho. Wengine hujiwa na picha za kutisha, kwamba atamwangusha mtoto au atamdhuru, na wanazichukia picha hizo mpaka wanaogopa kumgusa au hata kumtazama mtoto. Mama anayeogopa fikra zake namna hiyo hayuko sawa na yule anayesikia sauti ikimwamuru na kuitii. Akikuambia kitu cha aina hiyo usipige yowe, na usimnyang'anye mtoto. Mshukuru kwa kukuambia, kaa naye, na mlieleze hospitali vile vile alivyolisema, maana kutofautisha mambo haya mawili ni kazi ya mtaalamu.

Si kila mzazi mnyonge ana sonona pia. Upungufu wa damu baada ya kuzaa, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, homa, vidonda vilivyoingia uchafu, vyote vinaweza kumfanya mtu azime. Hospitali watataka kumpima damu kwanza, na hilo mama hatolikataa.

Kuhusu shetani, sitaki ugombane na shangazi. Zile siku mbili za nafuu zilikuwa za kweli. Tazama kilichofanyika: mlango ulifunguliwa, watu wakamkalia, akasomewa Qur'ani kwa utulivu, akawekewa mkono kichwani, akaulizwa kinachomsumbua. Mtu mwenye sonona anaweza kupata nafuu kwa hayo, kisha maradhi yakarudi kwa sababu mzizi bado upo. Kisomo kiendelee, na hospitali aende. Nisichokikubali ni kufungwa, kupigwa, kufukizwa mpaka pumzi zikatike, kunyimwa chakula, au kuambiwa aache dawa ili kombe lifanye kazi. Na umwambie mdogo wako jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa: nifasi, damu ya uzazi, imemwondolea sala, haikumwondolea dua wala dhikri. Mwanamke aliyezoea kujishika kwa sala tano akaikosa ghafla, na huku akidhani hata kumwomba Mola wake haruhusiwi, anabaki mtupu kwelikweli.

Niongeze moja hapa. Wazee wetu wanajua kwamba shetani akipanda huomba: kanga mpya, pete, marashi, mume apunguze ukali. Na hupewa. Miaka yote ya kazi hii nimekuwa nikijiuliza ni maneno mangapi ya wanawake wa visiwani yaliyolazimika kupitia kwa shetani ndipo yakasikilizwa. Hata kwenye hadithi zetu tunazosimuliana, mwanamke mwenye wazimu tunamwona kutoka nje tu. Tunaoneshwa nywele zake, nguo iliyochanika, watoto wanaomrushia mawe. Anachokiwaza usiku hatuambiwi. Alichokifanya Gilman ni kumwachia mgonjwa mwenyewe kalamu, na ndiyo maana msomaji anajua hali yake kabla ya mume aliyelala naye chumba kimoja.

Kwa hiyo daftari arudishiwe. Hakuna elimu ya tiba inayosema kuandika kunamdhuru mzazi. Mwekee karibu, mwambie ni lake, hakuna atakayelifungua bila idhini yake, na asipoandika neno kwa mwezi mzima pia ni sawa. Usimfanyie daftari kuwa kazi ya kupona. Sharti langu ni moja, lisimle usingizi. Simu nayo apewe, azungumze na mumewe na shoga zake. Ila nakubaliana na mama kwamba usiku ikae mbali.

Hadithi yenyewe usimpe sasa. Ilipotoka, daktari mmoja wa Boston alilalamika gazetini kwamba inatosha kumtia mtu wazimu. Mwingine wa Kansas akamwandikia Gilman kwamba hajapata kuona maelezo bora kuliko yale ya wazimu unavyoanza. Mimi niko na wa Kansas. Lakini akili yenye sonona huchagua kibaya na kukiacha kingine. Atakachokishika mdogo wako ni ule mwisho wa kutambaa sakafuni, hatojua kwamba aliyeandika alipata nafuu, akafanya kazi na kuandika kwa miaka mingi. Akishapata nafuu, na akitaka mwenyewe, isomeni pamoja. Huenda ndiye atakayetuandikia ya kwetu. Gilman alisimulia kwamba jamaa za mwanamke mmoja mwenye hali kama ile waliisoma wakaogopa, wakamrudisha kwenye maisha ya kawaida, akapona. Hadithi iliwafaa waliomzunguka mgonjwa. Na kwenu imekwisha kufanya kazi hiyo, wewe ndiye uliyeogopa ukaandika barua.

Sasa mama. Usimtajie Marekani wala karatasi ya ukutani. Chagua wakati ametulia, muwe wawili tu, umwambie kitu kama hiki: "Mama, umemlea mdogo wangu vizuri na arubaini yake sitaki ivunjwe. Lakini halali, wiki ya tatu hii, naogopa damu imempungua. Naomba twende naye hospitali apimwe, wewe uwe pamoja nasi." Hakuna neno la uongo humo, na humvunjii heshima. Njia nyingine iko karibu: mtoto ana chanjo za wiki ya 6, hiyo ni safari ambayo hakuna jirani atakayeiulizia. Ila kama mnaweza kwenda kabla, nendeni kabla. Mumewe umpigie leo. Mwambie huhitaji pesa zake kwanza, unahitaji aje akae zaidi ya siku mbili, na akifika amuulize mkewe halafu asikilize mpaka mwisho bila kumpa mawaidha.

Mko Wete, anzieni hospitali ya Wete. Zipo pia Chake Chake na Abdalla Mzee, Mkoani. Ulizeni muuguzi au daktari wa afya ya akili, na ukifika omba kwa adabu mgonjwa aonwe peke yake japo kwa dakika kumi. Huenda akaulizwa maswali 10 yanayotumika duniani tangu mwaka 1987 kupima sonona ya uzazi: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama analala, na la mwisho ni kama amewahi kufikiria kujidhuru. Hilo la mwisho unaweza kumuuliza hata wewe. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupumua walipopata mtu aliyethubutu.

Najua mama anaogopa nini akisikia "afya ya akili". Anaogopa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, na midomo ya watu. Mwambie wazazi wengi wenye sonona hutibiwa wakiwa kwao, na mtoto wao mikononi. Ikiwa hali ni nyepesi au ya wastani, mazungumzo ya kila wiki na mtu aliyefunzwa yanaweza kutosha. Huko Pakistan, nchi ya Waislamu wenzetu, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu. Utafiti uliotoka mwaka 2008 ulionesha kwamba mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado na sonona ni 23 kwa 100, na wale waliotembelewa bila utaratibu huo ni 53 kwa 100. Hali ikiwa nzito, zipo dawa. Baadhi yake, sertralini kwa mfano, hupita kidogo sana kwenye maziwa, kwa hiyo kunyonyesha si lazima kukome. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonesha kazi, na haziachwi ghafla mtu akijiona mzima. Zina maudhi pia, kichefuchefu na kichwa kuuma siku za mwanzo. Daktari akimwelekeza dawa, muulizeni yote hayo.

Msingoje wiki, msingoje hata asubuhi, mkiona lolote katika haya: anasema anataka kufa au mtoto angekuwa bora bila yeye, anasikia sauti, anamwita mtoto jini au si wake, hajalala kabisa siku mbili, amekataa chakula na maji, au ameanza kumfanyia mtoto mambo ya kutisha. Mtu mzima awe naye kila dakika, mtoto asiachwe naye peke yake, vitu vyenye makali, dawa na mafuta ya taa viondolewe, mpelekeni hospitali iliyo karibu. Asifungwe kamba.

Na mama akikataa kabisa? Usibishane naye mbele ya mgonjwa. Mtafute mkunga aliyemzalisha au mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yenu, mweleze, mwombe aje kama anayemtazama mtoto. Mama aliyekataa maneno ya bintiye mara nyingi huyapokea kwa mkunga. Ikiwa kuna ishara moja ya zile za hatari, basi huhitaji ridhaa ya mtu, mpeleke, na lawama utazibeba baadaye.

Kuanzia usiku wa leo, akishanyonyesha mchukue mtoto wewe, ulale naye chumba kingine, mdogo wako apate saa nne au tano mfululizo. Fungua dirisha mchana. Kaa naye bila kumhoji, chambua mchele wako pale pale alipo. Akisema neno moja, usimalizie sentensi yake. Ukishampeleka, niandikie walichokuambia na dawa waliyompa kama wamempa, nikueleweshe panapokutatiza.